Singeli Haikumsubiri Mfadhili

Singeli ni muziki wa Dar es Salaam, na hasa wa Manzese, Tandale, Mburahati, Kigogo, Buguruni, Temeke na Mbagala. Kasi yake huanzia mapigo 200 kwa dakika na mara nyingine hukaribia 300, ilhali muziki wa klabu za Ulaya huridhika na 120 au 130. Mtayarishaji hukata kipande kifupi cha kinanda cha taarabu ya kisasa au cha mchiriku wa zamani, hukipandisha kasi na kukizungusha kwenye kompyuta bila kukoma. MC hupanda juu yake na maneno yasiyo na nukta: kodi ya chumba, mpenzi aliyehama, jirani mmbeya, sifa za mama mwenye shughuli. Vifaa ni vichache, yaani kompyuta moja, kipaza sauti, spika za kukodi, na njia ya mtaa iliyozibwa kwa turubai tangu jioni hadi alfajiri. Mkesha huo ndio kigodoro, na humo ndimo muziki huu ulimokulia kuanzia miaka ya 2000, muda mrefu kabla ya kupewa nafasi redioni.

Juu ya muziki huu, na juu ya utamaduni wa mtaani unaouzaa, umejengeka mtazamo unaosikika ofisini, magazetini na kwenye semina za wadau wa sanaa, tena mara nyingi kutoka kwa watu wenye nia njema. Unasema kwamba uswahilini vipaji vipo ila utamaduni hakuna. Kwamba kinachofanyika kule ni kelele na uhuni, na ndani yake mna chembe za dhahabu. Kwamba chembe hizo haziwi sanaa mpaka zitolewe mtaani, zipelekwe ukumbini, zipatiwe mafunzo na mdhamini, na ikiwezekana lebo ya Ulaya. Wakali miongoni mwa wenye mtazamo huu hutaka vigodoro vipigwe marufuku, na wapole hutaka viendelezwe. Pande zote mbili zimekubaliana kwamba mtaa hauwezi kujitengenezea utamaduni. Historia ya jiji hili inasema kinyume. Karibu kila muziki ambao taasisi za Dar es Salaam zinajivunia leo ulitengenezwa kwanza na watu waliokuwa wakiitwa wahuni.

Shutuma hiyo ya uhuni imeitangulia singeli kwa karibu miaka mia. Beni, ngoma iliyoigiza gwaride na bendi za kijeshi, ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890 na ikaenea Tanganyika. Vyama vyake, Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo, sare, ada na utaratibu wa kusaidiana kwenye matatizo. Wamisionari waliona ndani yake ufisadi, wazee waliona vijana waliokosa adabu, na maofisa wa Kiingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza walinusa njama za siasa. Mwaka 1975 mwanahistoria Terence Ranger aliitolea beni kitabu kizima, na tangu hapo imekuwa somo la chuo kikuu. Mwaka 1969 mamlaka za mkoa zilipiga marufuku muziki wa soul jijini, kwa hoja kwamba unawaharibu vijana wa taifa la kijamaa. Mchiriku, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na spika zenye umbo la tarumbeta, ulihesabiwa muziki wa wavuta bangi. Rap ya Kiswahili ilipoanza kusikika mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliitwa uhuni wa kuwaiga Wamarekani. Mmoja wa wahuni hao, Joseph Mbilinyi aliyejulikana kama Mr II, aliingia bungeni mwaka 2010 kwa kura za Mbeya Mjini, na Professor Jay akamfuata mwaka 2015 kwa kura za Mikumi.

Ushahidi mzito kuliko huo wote ni wa mwaka 1955. TANU, chama cha kupigania uhuru, ilikuwa inatafuta wanawake wa Dar es Salaam na haikuwa na njia ya kuwafikia. Ikampata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Bibi Titi hakuanza kwa mikutano ya hadhara. Alipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, kikundi kimoja hadi kingine, kwa sababu vikundi hivyo vilikwisha kuwa na vitu ambavyo chama kichanga kilivihitaji, yaani wanachama wanaojuana, viongozi wanaosikilizwa, mazoea ya kuchangishana fedha, na sauti za kufikisha ujumbe. Mwanahistoria Susan Geiger alilieleza jambo hilo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1997 kuhusu wanawake wa TANU. Katika ripoti za kikoloni, mikusanyiko hiyo ya akina mama ilikuwa ngoma tu za kuombewa kibali. Chama kilichokuja kuunda wizara, mabaraza na sera za utamaduni kilipata sehemu kubwa ya nguvu zake za mwanzo kwenye ngoma za uani.

Watetezi wa taasisi wana hoja moja yenye uzito, nayo haifai kurukwa. Ni hoja ya dansi la miaka ya 1960 hadi 1980. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mashirika ya umma yalishindana kumiliki bendi: kiwanda cha nguo cha Urafiki, jeshi, polisi, umoja wa vijana. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 na baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Vyombo vilinunuliwa na mashirika, wanamuziki walilipwa mishahara, Redio Tanzania ilirekodi, na matokeo yake ni hazina ya nyimbo ambayo mpaka leo hupigwa kila Jumapili kwenye redio za nchi nzima. Kwa nini basi isisemwe kwamba utamaduni hujengwa kutoka juu?

Kwa sababu mashirika hayo yaliajiri watu waliokwisha kutengenezwa. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Western Jazz mwaka 1944, Kilwa Jazz mwaka 1958. Zilikuwa klabu za wanachama. Watu wa asili moja au mtaa mmoja walitoa ada, walinunua magitaa na ngoma kwa pamoja, walifanya mazoezi baada ya kazi na kugawana kilichopatikana mlangoni. Michael Enoch, mmoja wa nguzo za Mlimani Park, alikwisha kuwa fundi wa vyombo kadhaa akiwa Dar es Salaam Jazz, miaka mingi kabla ya kuanza kulipwa na shirika. Hata mitindo iliyowapa mashabiki kitu cha kugombania, Msondo na Sikinde, ilikopa majina yake kwenye ngoma za pwani. Shirika lilileta mshahara na gitaa jipya, na hilo si dogo, lakini muziki wenyewe na masikio ya kuupima vilikuwapo tayari. Bajeti za mashirika zilipokauka mwishoni mwa miaka ya 1980, bendi nyingi zilizotegemea bajeti zilikufa nazo. Bendi za mitindo hiyo ya Msondo na Sikinde zilibaki kwa kiingilio cha mlangoni, na kiingilio kililetwa na watu wa Kariakoo, Ilala na Magomeni waliokuwa wakizipenda toka zamani.

Mtazamo huo wa kwamba mtaa hauwezi kujitengenezea utamaduni unapopotoka hasa ni kwenye fedha. Hudhaniwa kwamba muziki wa mtaani ni muziki usio na fedha, kwa hiyo anayeleta fedha ndiye anayeleta uhai. Anayedhani hivyo hajawahi kuzitazama hesabu za shughuli moja. Mama anayemtoa mwali, anayeoza au anayefanya arobaini ya mtoto huanza miezi kadhaa kabla. Kuna daftari. Ndani yake yameandikwa majina ya waliomchangia na ya aliowachangia yeye, kwa kiasi na tarehe, maana mchango ni deni: aliyepewa elfu hamsini leo atarudisha si chini ya hapo siku mwenzake atakapokuwa na shughuli yake. Kikundi huchagua sare, fundi cherehani hupata kazi ya majuma mawili, mpishi wa pilau hulipwa, mpambaji hulipwa, mwenye turubai na viti vya plastiki hulipwa, mwenye jenereta husubiri umeme ukatike. Mwenye muziki hulipwa malipo ya kukodiwa, na juu yake huja fedha ambayo haimo kwenye makubaliano yoyote, yaani kutunzwa.

Kutunza ndiko kunakoendesha mkesha mzima. Waliokuja na noti kubwa hutafuta wa kuwachenjia, kwa kuwa elfu kumi inayotolewa noti moja moja ina heshima kuliko elfu kumi inayotupwa mara moja. Mama hunyanyuka, kikundi chake humfuata nyuma kwa sare, huenda wakicheza mpaka mbele ya MC, na MC akishaona noti ya kwanza hulitia jina la mama huyo ndani ya wimbo, pamoja na la mtaa wake na mume wake, na pengine kijembe kwa hasimu aliyeketi upande wa pili. Hasimu naye hana budi kunyanyuka. MC hodari huweza kuukokota ushindani huo kwa nusu saa kwa mdundo uleule, akibadilisha maneno tu. Waswahili walikwisha sema mcheza kwao hutunzwa, na hapa methali hiyo inafanya kazi ya mfumo wa malipo: fedha taslimu, usiku uleule, bila ankara wala siku 90 za kusubiri.

Mfumo huo pia ni mchujo. DJ anaangalia viti. Wanawake wakikaa, mdundo umekufa, na ana sekunde chache tu za kuubadilisha kabla uwanja haujapoa. Mdundo ulioisimamisha Kigogo Jumamosi huombwa Tandika Jumamosi inayofuata. Vijana huunakili kwenye simu na kadi za kumbukumbu, bodaboda huuzungusha jiji zima, na kondakta wa daladala humwomba dereva aurudie. Usioombwa tena hufutwa kwenye kompyuta, na hakuna anayeandika barua ya kulalamika. Ni vigumu kutaja jopo la majaji, kwenye tamasha lolote lenye mdhamini, linalopima kazi kwa ukali wa namna hiyo, kila wiki, mbele ya watu wanaotoa fedha zao mfukoni.

Kutokana na hayo ndipo unapoonekana udhaifu wa simulizi nyingine inayopendwa sana, kwamba singeli iligunduliwa na wageni. Simulizi hiyo ina ukweli wa nusu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotengenezwa katika studio ya Sisso huko Mburahati, na mwaka uliofuata ikatoa albamu ya Bamba Pana iitwayo Poaa. Magazeti ya muziki ya Ulaya yalishtuka, mialiko ya matamasha ikafuata, na vijana wa Mburahati walijikuta wakipiga mbele ya Wazungu waliokuwa wakiruka wasijue neno hata moja. Kazi hiyo ilikuwa nzuri na walioifanya wanastahili sifa. Lakini kabla yake, mwaka 2016, Man Fongo alikwisha kuitikisa nchi na Hainaga Ushemeji, na majina ya Msaga Sumu na Sholo Mwamba yalikuwa yakijulikana na watoto wa shule. EFM, redio iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, iliijengea singeli vipindi kwa sababu rahisi ya kibiashara: wasikilizaji wake walikuwa wakiisikiliza tayari. Lebo ya Kampala ilifuata muziki uliokuwa na wenyewe.

Mpangilio huo si mgeni. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya kampuni ya HMV, na wapo wanaoeleza habari zake kana kwamba alianza siku hiyo. Kampuni haikumlipia nauli ya meli ili kumfundisha kuimba. Ilimfuata kwa sababu Unguja nzima ilikuwa ikimzungumzia, na sahani zake za santuri zingeuzika. Jagwa Music walipotoa albamu kwa lebo ya Ubelgiji mwaka 2012, mchiriku ulikuwa umekwisha kukesha mitaani kwa takriban miaka ishirini. Soko la nje huchukua kinachomfaa msikilizaji wa nje, na hilo nalo lina gharama. Katika singeli lilipenda zaidi kasi na ukali wa midundo, na maneno likayapa nafasi ya pili, ilhali kwenye kigodoro maneno ndiyo yanayoingiza fedha. Anayeijua singeli kwa sahani zilizouzwa Berlin pekee anaijua nusu yake, tena nusu ambayo mama mwenye shughuli angeiona ndogo.

Ufadhili nao umepewa sifa kupita kiasi. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Unguja tangu mwaka 2004, ni miongoni mwa matamasha bora ya muziki barani Afrika, na wasanii wengi wa bara walipata jukwaa lao la kwanza la heshima pale. Mwaka 2016 halikufanyika, kwa kuwa fedha za wafadhili hazikutosha. Lilirudi mwaka uliofuata, lakini mwaka ule uliopotea unaeleza kitu kuhusu tofauti ya misingi. Wakati tamasha lenye sifa ya kimataifa likikosa fedha za kufanyika, vigodoro vya Dar es Salaam havikukosa hata wiki moja kwa ajili ya uamuzi wa ubalozi wowote. Si kwamba ufadhili ni mbaya. Vituo kama Nafasi Art Space, kilichoanza Mikocheni mwaka 2008, vinawapa wachoraji na wachongaji nafasi ya kufanyia kazi ambayo soko la jiji lisingewapa, na mchoraji hana kigodoro cha kumtunza. Kosa ni kuufanya mfumo unaofaa sanaa chache kuwa kipimo cha sanaa zote, na kudhani kwamba kisichoandikiwa maombi ya ruzuku hakijapangwa.

Inabaki hoja ya maadili na kelele, na hapa wapinzani wa vigodoro wana haki kwa sehemu kubwa kuliko mashabiki wa singeli wanavyopenda kukubali. Usiku wa spika zilizoelekezwa dirishani ni mateso kwa mwenye mgonjwa, kwa mtoto anayefanya mtihani asubuhi na kwa mlinzi aliyetoka zamu. Mikusanyiko ya usiku huvuta vibaka, na miaka ya hofu ya magenge ya Panya Road ilikuwa na sababu zake. Zipo nyimbo na michezo ambayo zamani ilikuwa ya ndani, ya unyago, mbele ya wanawake watu wazima peke yao, na kigodoro kimeitoa barabarani mbele ya watoto wa miaka minane. Tena lipo jambo ambalo wakosoaji wenyewe hawalitaji sana: wanawake ndio wanaolipia mikesha hii, ndio wanaoichezea na ndio wanaosifiwa na kutukanwa ndani ya nyimbo, lakini wanaoshika kipaza sauti na wanaokaa kwenye kompyuta ni wanaume, karibu wote.

Hayo yote ni makosa ya mahali, saa na mgawanyo wa nafasi, na kila moja lina dawa yake. Hakuna kati yake linalothibitisha kwamba muziki wenyewe ni uhuni. Mechi ya Simba na Yanga huvuta vibaka kuliko kigodoro chochote, na jibu la mamlaka huwa ni askari wengi zaidi. Hakuna aliyewahi kupendekeza mpira ufutwe. Spika za mkutano wa injili wa usiku kucha zina nguvu kama za kigodoro. Baa za Sinza na kumbi za ufukweni hukesha pia, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limewahi kuzifungia baadhi yake kwa kelele, jambo linaloonyesha kwamba sheria ya kupima sauti ipo na inaweza kutumika bila kuuliza aina ya muziki. Sheria hiyo hupima desibeli. Anayelalamikia kelele akamalizia kwa kueleza mavazi ya wachezaji hajazungumzia kelele.

Wanaosema mtaa hauwezi kujidhibiti wanapaswa pia kueleza kinachotokea kila mwaka mwezi wa Shaaban na ule unaofuata. Kabla ya kufunga, shughuli hujazana mpaka muziki wa kukodi unakosekana, watu wanavunja jungu. Mwezi ukiandama, turubai hukunjwa. Mitaa iliyosemekana haishikiki hukaa kimya kwa siku 29 au 30, na hakuna askari aliyepita. Ikishapita Idi, spika hurudi. Nguvu iliyofanya hivyo ni aibu, jirani na imani, na ni nguvu ambayo mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kuitumia kupanga saa ya mwisho au kuwatenga watoto, iwapo atapewa mamlaka ya kuruhusu badala ya kuachiwa kazi ya kuzuia tu.

Marufuku ina historia yake, na haina sifa nzuri. Mwezi Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa na wimbo wake Wapo ukazuiwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Siku iliyofuata serikali ilitangaza kwamba Rais John Magufuli anaupenda, na mwimbaji akaachiwa. Kipimo cha maadili kinachogeuka kwa siku moja hakiwezi kuitwa kipimo. Mwaka 2018 BASATA iliufungia wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na wawili hao walipoupiga jukwaani mwezi Desemba wakazuiwa kufanya maonyesho, kisha adhabu ikalegezwa. Msanii wa kiwango chao ana akiba, mawakili na mamilioni ya wafuasi wa kumsikiliza mtandaoni. MC wa Buguruni anayefungiwa Jumamosi hana Jumapili. Kwa sababu hiyo adhabu ileile, hata ikitolewa kwa haki, huanguka kwa uzito usiolingana, na jiji hupoteza sehemu ya chini ya ngazi ambayo wale wa juu waliipanda.

Pigo ambalo marufuku haijafaulu kulitoa, ardhi inalitoa taratibu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na wengi wao wanaishi kwenye makazi yasiyopimwa ambako hakukutengwa kiwanja, ukumbi wala bustani. Njia ya mtaa ndiyo ukumbi. Kila upenyo unaojengwa fremu za maduka, kila uwanja wa shule unaozungushiwa ukuta, kila eneo la wazi linalogawiwa, hupunguza mahali pa kupigia ngoma, na shughuli husogezwa karibu zaidi na dirisha la mgonjwa. Sehemu ya malalamiko ya kelele yanayoangushiwa muziki yalistahili kupelekwa idara ya mipango miji. Waingereza walikuwa na Arnautoglu, ukumbi uliofunguliwa Mnazi Mmoja miaka ya 1950 kwa fedha za tajiri mmoja mwenye asili ya Ugiriki. Nia yao ilikuwa kuwaelekeza Waafrika kwenye starehe waliyoiona ya staha, lakini ukumbi wenyewe watu waliutumia walivyotaka wao, kwa dansi na kwa siasa. Mbagala, yenye watu wengi kuliko Dar es Salaam nzima ya wakati ule, ingenufaika na viwanja vitano vya wazi vyenye umeme, vyoo na mlinzi kuliko na kampeni ya kuwafunza MC wake maadili.

Mahali pengine ambapo taasisi zina kazi isiyoweza kufanywa na mtaa ni kumbukumbu na haki. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilizaa COSOTA, lakini ilitungwa ikimfikiria mtunzi mmoja mwenye wimbo mmoja uliokamilika. Singeli haiko hivyo. Mdundo ni wa mmoja, kipande cha kinanda kimetoka kwa mpiga taarabu aliyekufa, maneno yamebadilika mara arobaini kwa mikesha arobaini, na toleo lililofika kwenye simu lilirekodiwa na mtu aliyesimama karibu na spika. Kampuni ikilitumia kwenye tangazo, hakuna fomu inayojua kumlipa nani, na kazi ya kuunda fomu hiyo ni ya wanasheria. Nyimbo za dansi zimebaki kwa sababu Redio Tanzania ilikuwa na kanda na kabati. Mikesha ya singeli ya miaka ya mwanzo ilihifadhiwa kwenye kadi za simu zilizopotea, zilizoibwa au zilizofutwa ili kupisha picha za harusi, na kilichosalia kimo mikononi mwa watayarishaji wachache wenye kompyuta zilizochakaa. Kukinakili hakuhitaji ukumbi mpya wala sera mpya. Kunahitaji maktaba ya umma yenye diski za kutosha, na ofisa aliye tayari kwenda Mburahati kuziomba nakala.